Tukataze moshi, tusikataze motokari za watoto

Likizo kubwa ikianza, avenyi zetu zinajaa motokari ambazo hazilipi peaji wala hazisimamishwi na polisi ya barabarani. Ni Fuso za bati, Land Cruiser za mbao, Hiace za katoni, kila moja ikivutwa kwa kamba na fundi wake wa miaka tisa au kumi na miwili. Toka Bunia mpaka Uvira, toka Kindu mpaka Kalemie, utaziona. Hata katika kambi za watu waliokimbia vita, pale ambapo familia haina hata kiti, mtoto anaokota kipande cha bido na waya, na jioni motokari inatembea.

Wale wakubwa kidogo hawatosheki na kukata na kufunga. Wanataka gurudumu liwe duara kabisa. Wanataka rimu iwe na matundu kama ile ya kweli, taa ziwe mbili zinazofanana, kioo cha mbele kiwe kimepinda sawasawa. Hapo wanaanza kuyeyusha plastiki na kuitia katika kalibu, ile ambayo mafundi wetu wanaita mule. Na hapo moshi unaanza.

Mbele ya moshi huo, wazazi wengi tunajua jibu moja tu: « Utatuunguzia nyumba! » Tunavunja motokari, tunatupa kalibu, tunamrudisha mtoto ndani. Mimi nasema tunaadhibu kitu kisicho na kosa. Kilicho kibaya ni moshi. Motokari ni kazi, na ni kazi nzuri. Tukitenga mambo hayo mawili, tutalinda mapafu ya watoto wetu bila kuua ufundi wao.

Moshi si mchezo

Tuanze na ubaya, kwa sababu upo na ni mkubwa. Watoto wengi wanafunga sashe kwenye ncha ya kijiti, wanaiwasha, kisha wanaacha matone ya moto yadondoke mahali wanapotaka kuunganisha. Tone hilo ni plastiki iliyoyeyuka na ambayo bado inawaka. Likianguka kwenye mkono, halitiririki kama maji ya moto. Linashika ngozi na kuendelea kuunguza.

Ikitokea ajali ya namna hiyo, tia mkono katika maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usivute plastiki iliyogandama, utaondoa na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Peleka mtoto kwenye kituo cha afya.

Zaidi ya hapo kuna sumu isiyoonekana. Plastiki si kitu kimoja. Ile ya mabomba ya maji na ya magamba ya nyaya za umeme inaitwa PVC. Ikipata moto mkali, inatoa gesi ya asidi inayokata koo na kuumiza mapafu. Ikichomwa ovyo katika moto mdogo wa kiwanjani, inaweza kutoa pia dioksini, sumu ambayo mwili unaiweka katika mafuta yake kwa miaka mingi na ambayo inaweza kuleta kansa. Mtoto aliyeinama juu ya kikopo chenye vipande vya waya wa umeme anavuta hewa hiyo moja kwa moja, na mdogo wake aliye mgongoni mwa dada anaivuta pia.

Kwa hiyo mzazi anayekasirika ana haki ya kukasirika. Lakini hasira haifundishi. Mtoto uliyemfukuza kiwanjani ataenda kuchoma nyuma ya ukuta wa jirani, ambako hakuna mtu wa kumtazama.

Beseni la maji linajua kuchagua

Kuna njia rahisi ya kumfundisha mtoto kuchagua plastiki, na haiombi hata franka moja. Kata kipande kidogo, sawa na ukucha. Kitie katika beseni la maji yenye tone la sabuni, kisha kizamishe kwa kidole na ukiachie. Kikielea, karibu kila mara ni polietileni au polipropileni. Hizi ndizo plastiki za bido za njano za mafuta ya kupikia, za vifuniko vingi vya chupa, za ndoo na viti. Kikizama, kinaweza kuwa PVC, chupa ya maji au kopo la yoghurt. Hicho kisipelekwe kwenye moto.

Sheria ya nyumba iwe fupi ili hata mtoto wa miaka minane aishike: kinachozama, moto usikiguse.

Kuna vitu viwili ambavyo beseni halitaonyesha. Frigolite, ile nyeupe nyepesi inayofunga televisheni mpya, inaelea kwa sababu imejaa hewa. Nayo iachwe. Pia bido iliyobeba dawa ya kuua wadudu, petroli au asidi ya betri haifai hata kama inaelea, kwa sababu sumu yake imeingia ndani ya plastiki.

Anayejua kusoma atazame pia chini ya chombo. Mara nyingi kuna pembetatu ndogo yenye namba. Namba 2 ni polietileni ngumu, namba 5 ni polipropileni. Hizo mbili ndizo za kalibu. Namba 3 ni PVC, usiiguse. Namba 1 ni chupa ya maji na ya sukari, nitairudia, maana ina njia yake. Namba 6 ni ya makopo ya yoghurt na ile frigolite. Ni somo zima la kemia lililo chini ya kila chombo jikoni, na hakuna mwalimu anayelilipia.

Kalibu inataka subira

Fundi mzuri haanzi na moto. Anaanza na mfano wa mbao. Tuseme kijana anataka kutengeneza Land Cruiser kwa kipimo cha 1 kwa 24, kipimo kinachotumiwa sana na watengenezaji wa vigari duniani. Motokari yenye urefu wa meta 4 na santimeta 80 itakuwa na santimeta 20. Gurudumu la santimeta 72 litakuwa la santimeta 3. Kabla ya kugusa kisu, tayari amefanya hesabu ya kugawa ambayo darasani ilimtoa jasho.

Akimaliza kuchonga gurudumu moja la mbao, analipaka sabuni na kulilaza katika plasta laini, ile ya kenkayeri, mpaka nusu. Ikishika, anapaka sabuni tena na kumwaga nusu ya pili. Akifungua, ana kalibu ya vipande viwili. Sasa asubiri. Plasta ikaushwe juani kwa siku kadhaa, kabisa kabisa. Plastiki ya moto ikikutana na plasta yenye maji, maji yanageuka mvuke kwa ghafula na plastiki inaruka usoni. Ajali ya namna hiyo inatoka kwenye haraka.

Kuyeyusha nako kuna adabu yake. Polietileni ngumu inayeyuka karibu na digri 130, polipropileni karibu na digri 160. Hakuna haja ya miali ya moto. Tia mchanga mkavu katika sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa tena, iweke juu ya mbabula yenye makaa, na katikati ya mchanga simika kikopo cha nyanya chenye vipande vya plastiki vilivyooshwa na kukaushwa. Joto linapanda polepole na moto haugusi plastiki. Kazi hii inafanyika nje, si ndani ya nyumba, kwa sababu makaa yenyewe yanatoa hewa inayoua. Na inafanywa na mtu mzima au kijana mkubwa aliye karibu na mtu mzima, mwenye viatu vilivyofunika miguu na glavu nene. Mdogo wa chini ya miaka kumi na miwili akate, apime, achonge, aoshe. Moto si wake bado.

Plastiki hii haiwi kama maji. Inakuwa kama bugali mzito. Kwa hiyo haimwagwi, inabanwa: unaijaza katika nusu moja ya kalibu, unafunika na nusu ya pili, unakaza kwa kibano cha seremala au kuweka jiwe zito, unaacha ipoe yenyewe. Na kumbuka alama moja: plastiki nzuri katika joto la kadiri haitoi moshi. Ukiona moshi, umepita kipimo. Ondoa kikopo mara moja, simama upande ambako upepo unatoka. Hivyo moshi, ambao tulidhani ni sehemu ya kazi, unakuwa dalili ya kazi mbaya.

Kitu kimoja kitamshangaza kijana. Gurudumu litatoka dogo kuliko mfano wa mbao. Polietileni ngumu ikipoa inapungua, mara nyingi kati ya asilimia 2 na 3. Kwa gurudumu la milimeta 30, ni karibu milimeta 1. Fundi anayejua hilo anachonga mfano mkubwa kidogo toka mwanzo. Jambo hili linasumbua pia wahandisi wa viwanda vikubwa, nao wanalitatua kwa njia hiyo hiyo.

Kuna kazi isiyotaka moto

Chupa ya maji, ile ya namba 1, inataka zaidi ya digri 250 ili iyeyuke, na ikiyeyushwa kienyeji inatoka dhaifu na kuvunjika. Lakini inaanza kulegea kati ya digri 70 na 80. Hapa Kivu, katika miji iliyo karibu na meta 1500 juu ya bahari kama Goma na Bukavu, maji yanachemka karibu na digri 95. Yanatosha.

Chonga kipande cha mbao chenye umbo la kioo cha mbele cha motokari. Kata chupa iwe kama bomba, vika juu ya mbao, kisha mtu mzima amwage maji yanayochemka polepole. Chupa inajikunja na kuikumbatia mbao. Ikipoa, kata kwa mkasi: una kioo kinachoonyesha ndani, kilichopinda sawa na cha kweli. Hakuna mbabula, hakuna moshi, hakuna harufu.

Kuna njia nyingine tena. Silikoni ya kubandika vioo vya madirisha, ile yenye harufu ya siki, ikichanganywa na maizena inakuwa kama donge la unga. Vaa glavu, fanya kazi mahali penye hewa, libane juu ya taa au rimu iliyo tayari na iliyopakwa sabuni. Likikauka, una kalibu laini ya kunakili kitu kimoja mara nyingi. Mtoto anaweza kujaza plasta ndani yake na kupaka rangi. Anayetaka plastiki ngumu aende na mfano wake kwa fundi wa karoseri anayejua resini, kwa sababu dawa ya kugandisha resini ni hatari kwa macho na kwa kifua. Afanye fundi, mtoto atazame.

Wengine walianzia hapa hapa

Najua kuna watakaosema ni michezo ya watoto wa maskini. Basi tuangalie mbali kidogo. Kampuni ya Airfix ilianza London mwaka 1939. Ilikuwa inafanya vitu vya kuchezea vya mpira, kisha visana vya plastiki. Mwaka 1949 iliombwa kutengeneza mfano mdogo wa trakta ya Ferguson kwa ajili ya wauzaji wa trakta hizo. Baadaye trakta hiyo iliuzwa kwa watu wote ikiwa katika vipande vya kuunganisha, na vigari vya plastiki vikawa kazi ya watu wazima na watoto katika nchi nyingi. Tamiya ya Japani ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao mjini Shizuoka. Ilitengeneza mifano ya mbao kwanza, kisha ikaingia katika plastiki. Leo watu wazima wenye kazi na suti wanakaa jioni nzima wakibandika gurudumu la santimeta 3, na hakuna anayewaambia wanapoteza wakati.

Na bila kwenda mbali, tuna chukudu. Hakuna kampuni ya ngambo iliyotuletea. Vichwa vya hapa, mbao za hapa na vipande vya mpira wa magurudumu yaliyochakaa vilizaa chombo kinachobeba mamia ya kilo za viazi, makaa na kabichi mpaka mjini. Goma imekijengea sanamu katikati ya barabara. Tunapiga picha mbele ya sanamu hiyo, kisha tunarudi nyumbani na kuvunja kazi ya mtoto anayefikiri kwa namna ile ile.

« Nchi inawaka, na wewe unaandika juu ya vigari »

Lawama hii nina hakika itakuja, na ina uzito. Mashariki mwa nchi yetu watu wanakufa, wanakimbia, wanalala njaa. Lakini ni kwa sababu hiyo nazungumza. Mtoto ambaye shule yake imefungwa au imekaliwa na wakimbizi hana maabara, hana kitabu, mara nyingine hana hata mwalimu. Kilichobaki mikononi mwake ni taka. Akijifunza kupima, kuchagua, kusubiri na kurekebisha kwa taka hiyo, kuna kitu ambacho vita haijamnyang'anya. Na kijana mwenye kazi ya mikono inayompendeza ni mgumu zaidi kudanganywa na yule anayekuja kumpa bunduki.

Wengine watasema motokari za plastiki kutoka ngambo ziko sokoni kwa bei ndogo. Ni kweli, na gurudumu likivunjika juma la pili inatupwa kwenye mtaro. Mtoto aliyetengeneza gurudumu lake anajua kutengeneza lingine.

Nisiseme uongo: vigari havitasafisha mitaro yetu. Bukavu inajua vizuri taka za plastiki zinavyoshuka ziwani, zinafika Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme, na mji unabaki gizani. Serkali ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungashio vya plastiki. Sashe bado ziko kwenye kila meza ya soko. Hilo ni deni la serkali, si la watoto. Lakini mtoto anayejua kwamba bido kuukuu ni rimu nne za kesho hataitupa mtoni kirahisi.

Tufanye nini

Wazazi, likizo hii musianze na fimbo. Anzeni na beseni la maji. Kaeni na mtoto saa moja, zamisheni vipande pamoja, muulizeni kila kimoja kilitoka wapi. Kisha semeni wazi: sashe haiwashwi katika uwanja huu, na waya wa umeme hauchomwi. Mtoto aliyeheshimiwa anashika sheria kuliko mtoto aliyepigwa.

Walimu, somo la kazi za mikono lisiwe siku ya kuleta ufagio ulionunuliwa sokoni. Darasa la sita linaweza kupima motokari ya mkurugenzi na kuitengeneza kwa 1 kwa 24. Kuna hesabu ndani yake, kuna sayansi, kuna kuchora. Gharama ni kilo chache za plasta.

INPP, ambayo inafundisha ufundi katika nchi hii tangu mwaka 1964, na shule zetu za ufundi, zingeweza kufungua milango Jumamosi moja kwa mwezi. Mipango ya mashine ndogo za kusaga na kubana plastiki, zile zilizobuniwa na Mholanzi Dave Hakkens katika kazi ya Precious Plastic aliyoianza mwaka 2013, inapatikana bure kwenye intaneti. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kujenga ile ya kubana kwa mkono.

Nanyi mafundi wa garaji, wa karoseri na wa mbao, musimfukuze mtoto anayesimama mlangoni akitazama. Mupeni kiti mbali na cheche, mumuonyeshe namna munavyopima. Yule anayeuliza kwa nini gurudumu lake limetoka dogo kwa milimeta 1 ameuliza swali la fundi mkubwa. Anastahili kujibiwa, na ajibiwe mahali pasipo na moshi.